Mgombea na Tope la Ndiva

Nimegombea ubunge mara tatu, na mara zote tatu nimerudi nyumbani na jina langu lilelile la kawaida. Anayeshinda huitwa Mheshimiwa mpaka kaburini. Anayeshindwa kwa tofauti ndogo huitwa "yule aliyeonewa", nacho ni cheo cha aina yake. Mimi ni wa kundi la tatu, lile ambalo msomaji wa matokeo hulimaliza kwa pumzi moja: "na wagombea wengine." Uchaguzi wa pili nilikaa karibu na redio, chumbani kwetu mjini Same, nikisubiri nisikie jina langu. Nikasikia "na wagombea wengine". Mke wangu, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akainua kichwa.

"Haya, umetajwa," akasema.

Mara ya kwanza niligombea ndani ya chama kikubwa, kwenye kura za maoni. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya pili ya sosholojia ya vijijini, na niliamini kwamba vijiji vilikuwa vikinisubiri. Watia nia tulikuwa wengi mno. Mabenchi yetu yalikaribia kuwazidi wajumbe waliokuja kutupigia kura. Kila mmoja alipewa dakika chache. Mimi zangu nilizitumia kueleza vikwazo vya kimuundo. Nilipomaliza, mama mmoja mjumbe akanyoosha mkono.

"Mwanangu, wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na ukoo wetu.

"Ahaa," akasema, akaketi. Nilipata kura yangu mwenyewe na nyingine moja, ambayo mpaka leo watu kadhaa, kwa nyakati tofauti, wamenifuata pembeni kuniambia ilikuwa ya kwao.

Mara ya pili nilihamia chama kidogo, ambacho ofisi yake hapo Same ilikuwa chumba cha nyuma cha kinyozi. Bendera yetu ilitumia mlingoti mmoja na kamba ya kuanikia taulo. Nilipanda milima kwa miguu, kitongoji kwa kitongoji, na kila nilipofika nilikaribishwa makande, nikasikilizwa kwa adabu, nikaambiwa, "Tumekusikia." Nikafurahi. Ilinichukua uchaguzi mzima kukumbuka jambo ambalo nilizaliwa nalo: Mpare akikubishia, ujue anakufikiria. Akikushtaki, amekuthamini. Akikuambia "tumekusikia", funga mkoba uende kwenu.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuisimulia. Chama kilikuwa kidogo zaidi. Jina lake lilikuwa refu kiasi kwamba mimi mwenyewe nililisoma kwenye kadi. Wakati huo tayari nilikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na goti moja lisilopenda miteremko. Nilipokwenda kumweleza mama yangu kwamba nimechukua fomu tena, alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechukua nini?"

"Fomu."

"Ile ya zamani imechakaa?"

Mama anaishi mlimani, juu ya Myamba, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na shamba lake linateremka kwa matuta hadi karibu na kijito. Mwaka huo alikuwa na tangawizi changa kwenye matuta ya chini. Tangawizi ile ndiyo iliyokuwa mshahara wake, bima yake na kiburi chake. Pesa yangu hakuitaka. Alisema inanuka siasa. Miezi ya kampeni ndiyo miezi yetu ya jua kali, kabla mvua za vuli hazijafikiria kuja, na katika miezi hiyo tangawizi haiishi kwa sala, inaishi kwa ndiva.

Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, lililochimbwa na babu zetu begani mwa mlima. Usiku linakusanya maji ya kijito. Asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Zamu hiyo hupewa nyumba inayofika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na msaragambo huitwa kwa pembe. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, awe amelala, anakula, au anagombana na mkewe. Sisi ni watu wa kesi, tunaweza kushtakiana kwa ajili ya kuku hadi mkoani, lakini sijawahi kusikia mtu akibishana na pembe.

Haya yote niliyajua. Niliyaandika hata kwenye tasnifu yangu, sura nzima, yenye mchoro.

Meneja wangu wa kampeni alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, seremala mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye pia ndiye aliyekuwa mpuliza pembe wa kijiji, kazi aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Siku ya mkutano wetu wa kijijini, gari la matangazo tulilokodi liliishia chini ya mlima, tulikoshuka kulipokea. Dereva alishuka, akaitazama barabara, akarudi ndani.

"Bosi," akaniambia dirishani, "mkataba wetu ulikuwa wa barabara. Hii ni ngazi."

Tukapanda kwa miguu, bila spika, hadi nyumbani kwa kaka. Saa ya mkutano ilikuwa inakaribia na uwanja ulikuwa na mbuzi tu.

"Sasa watu tutawaitaje?" akauliza.

Mimi nilikuwa naitazama pembe, iliyoning'inia ukutani juu ya kabati.

"Hiyo inasikika mpaka wapi?"

"Mpaka kwa marehemu." Kisha akaona ninachokifikiria. "Mdogo wangu, hapana. Hiyo hailii bila kazi. Unajua."

"Na maendeleo si kazi?"

Sentensi hiyo niliionea fahari kwa muda wa kama saa moja. Niliamini kwamba siasa ina msamaha wake, kama vile msafara wa viongozi unavyopita taa nyekundu. Kaka alikuna kichwa, akatazama bango lenye picha yangu, akatazama pembe. Akaipuliza.

Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuwa na mkutano mkubwa kama ule. Walishuka kutoka kila upande wa mlima: wazee, akina mama waliojifunga khanga kiunoni, vijana, hata mgonjwa mmoja aliyekuwa akijikongoja. Uwanja ulijaa hadi kingoni. Wote walikuwa na majembe, sururu, mapanga na makarai. Mwanasosholojia ndani yangu aliyasoma majembe yale kama ishara: tabaka la wakulima limekuja na zana zake kumpokea mtetezi wake. Nikapanda juu ya jiwe.

Nilizungumza vizuri, nadhani. Nilikuwa nimefika kwenye mambo ya kuanza nayo nikichaguliwa, mara bibi mmoja aliyekuwa mbele, mwenye jembe begani, akanikatiza.

"Samahani, mwanangu. Tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia kwenye elimu, bibi."

Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Na hiyo iko upande gani? Huku juu au kule mferejini?"

Kicheko kilianzia nyuma. Kilikuwa kidogo mwanzoni, kisha kikapita uwanja mzima, na kilipokoma nyuso zilikuwa zimebadilika. Akasogea mwenyekiti wa ndiva. Huyu ni mzee aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Alistaafu yeye, lakini mahakama haikutoka mwilini mwake. Hutembea na kalamu mfukoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe.

"Nani ameagiza pembe?" akauliza, bila kupaza sauti.

Meneja wangu wa kampeni alininyooshea kidole hata kabla swali halijaisha. Petro angalau alisubiri kuulizwa mara tatu.

"Kazi iko wapi?"

Nikasema, "Mzee wangu, hii ni kazi ya ukombozi wa—"

"Nimeuliza kazi. Watu hawa wameacha mashamba. Yule pale ana homa. Jembe likishatoka nyumbani kwa pembe halirudi safi. Kazi iko wapi, Mheshimiwa?"

Hilo neno "Mheshimiwa" nilikuwa nimelitamani miaka mingi. Sikujua linaweza kusemwa vile.

Uamuzi ulitolewa palepale, kwa sababu kila mtu aliujua isipokuwa mimi niliyeuandikia sura nzima. Ndiva ya juu ilikuwa imejaa tope la masika, ikisubiri msaragambo baada ya uchaguzi. Aliyeita watu bure atalizoa tope lile yeye mwenyewe, kwa mikono yake, watu wengine wasimshikie jembe. Na mpaka litakapokwisha, nyumba iliyomtoa haina zamu ya maji.

"Nyumba iliyomtoa ni ipi?" mtu akauliza, kana kwamba hajui.

Watu wakageuka kumtazama mama yangu, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na jembe lake, kwa maana pembe ilimwita na yeye. Alilitia jembe begani akaondoka, na mgongo wake ulisema yote niliyostahili kusikia hadi uchaguzi ujao.

Bila shaka nilikata rufaa. Mimi ni Mpare.

Baraza la wazee wa maji lilikaa siku iliyofuata kwenye ukumbi wa ghala. Nilikuja na hoja zilizopangwa: kwanza, pembe ni mali ya umma na mgombea ni sehemu ya umma, pili, sheria za nchi zinampa mgombea haki ya kuita mkutano, tatu, adhabu ya mwana isimwangukie mama, ambaye hakushiriki. Hoja ya tatu niliitegemea sana. Niliieleza kwa hisia, nikitaja tangawizi, jua, na ujane.

Mwenyekiti wa ndiva alinisikiliza hadi mwisho, akiandika. Kisha akasema, "Tuna shahidi."

Akaingia mama.

"Mama, huyu ni mwanao?"

"Wanasema hivyo."

"Alikuambia kwamba anakwenda kupulizisha pembe?"

"Alinipitia asubuhi akanywa uji. Hakusema."

"Ungejua, ungemkataza?"

"Ningemficha viatu."

"Unaomba baraza liisamehe nyumba yako?"

Nilimkazia macho. Alihitaji kusema neno moja tu, "ndiyo". Wazee walikuwa wanalitaka neno hilo, niliona. Hakuna aliyefurahia kumkatia maji mjane.

"Hapana," akasema mama. "Baba yake alilipa kila msaragambo. Siku aliyougua nilikwenda mimi, na mimba. Huyo asiyekuwa na jembe mwambieni liko la baba yake darini. Mimi sina mgombea hapa. Nina tangawizi. Anipe maji yangu."

Rufaa ilitupiliwa mbali. Ukumbi ukapiga makofi, na nakiri kwamba nilimwonea wivu: dakika moja, bila ilani, na ameeleweka.

Basi, kampeni yangu ilihamia ndani ya shimo. Tope la ndiva si udongo wa kawaida. Juu ni kavu, limepasuka kama kisigino. Chini ni zito, la kijivu, linanyonya mguu na kukataa kuuachia. Unalikata kwa jembe, unalijaza kwenye karai, unalipandisha ukingoni, unalimwaga upande wa mteremko, unarudi. Jioni ya kwanza nilitazama nilichofanya, nikatazama kilichobaki, nikaelewa kwa nini babu zetu walibuni kufanya kazi ile kwa pamoja.

Mama aliniletea makande mchana, akakaa ukingoni na kunisahihisha. "Usikate hivyo, unajirushia mwenyewe." "Inama, hilo jembe si maikrofoni." Kila jioni, akitoka shambani, alipita na jani moja la tangawizi na kuniwekea juu ya jiwe. La kwanza lilikuwa kijani, limelegea kidogo. Lililofuata lilikuwa na ncha ya njano. Baadaye njano ikateremka, ikakaribia katikati. Nimesoma taarifa nyingi za hali ya chakula zenye majedwali na rangi, na hakuna iliyowahi kunikosesha usingizi kama majani yale.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba watu walianza kuja. Hawakuja kusaidia, kwa kuwa ilikatazwa. Walikuja kutazama. Na kwa kuwa mgombea wao alikuwa chini na hawezi kuondoka, wakaanza kumuuliza maswali. Mikutanoni mwanasiasa husema na kukimbilia kitongoji kingine. Mimi nilikuwa mgombea wa kwanza jimboni kupatikana mahali pamoja mchana kutwa.

"Mheshimiwa," mtu aliniuliza kutoka ukingoni, miguu ikining'inia, "hivi mbunge kazi yake hasa ni nini?"

"Kuisimamia serikali," nikasema, nikipandisha karai.

"Na nani anamsimamia yeye?"

"Nyie."

"Sisi tuko huku, yeye yuko Dodoma. Tunamsimamiaje?"

Nikafikiri. "Sijui," nikasema. Kwa miaka yote ya siasa sikuwahi kutamka neno hilo hadharani. Yule mtu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kubisha kuhusu bei ya tangawizi, na alibisha sana. Nilitaka kumkumbatia, ila nilikuwa na tope.

Katikati ya adhabu yangu ikafika siku kubwa ya chama chetu. Mwenyekiti wa taifa, mzee mpole aliyesafiri kwa basi, alikuwa anakuja Same kuwanadi wagombea. Kunadiwa ni kushikwa mkono na kuinuliwa jukwaani mbele ya umati. Kwa mgombea wa aina yangu, hakuna sherehe nyingine katika maisha. Nilitazama tope. Lilikuwa limebaki robo, labda zaidi. Nilitazama jani la jana juu ya jiwe. Nikamwita kaka.

"Shuka wewe. Mwambie mwenyekiti nina udhuru wa kifamilia."

"Nimwambie udhuru gani?"

"Mwambie mama."

Alirudi kesho yake akiwa amevaa fulana mpya ya chama, na hakutaka kunitazama usoni.

"Ulimwambia?"

"Nilipanda jukwaani kumwambia. Nimemfikia tu, nimeinama sikioni, akanishika mkono akauinua juu. 'Huyu hapa mgombea wenu!' Watu wakashangilia."

"Na hukumwambia si wewe?"

"Nilimwambia. 'Mzee, mimi si mgombea.' Akasema kwenye spika, 'Mmemsikia? Unyenyekevu huu ndio tunaoutaka!' Wakashangilia zaidi."

Nikaweka karai chini. "Na picha zangu zilizobandikwa uwanja mzima?"

"Hakuna aliyezitazama, mdogo wangu. Wakanipa maikrofoni."

"Ukasema nini?"

"Nimewaahidi lami."

"Lami ya kwenda wapi?"

"Sikufika huko. Walipiga makofi kabla."

Mpaka leo akiteremka Same kununua misumari, waendesha bodaboda wa stendi humwamkia "Mheshimiwa". Mimi nikipita nyuma yake huniuliza kama nahitaji usafiri.

Siku chache kabla ya kura ukapita msafara wa mgombea wa chama kikubwa. Magari yao hayakuwa na tatizo na mlima. Mgombea mwenyewe alikuwa mtu mwenye adabu, sina neno baya juu yake; aliposikia kwamba kuna mpinzani shimoni, alishuka kuja kunisalimia.

"Pole na kazi, ndugu mpinzani."

"Ahsante, mheshimiwa. Karibu."

Alikaribia kweli. Akakunja suruali, akachukua koleo kwa mtu wake mmoja, akateremka. Wapiga picha walikuwa tayari. Alikata pande moja la tope, akalishikilia juu kidogo, akatabasamu upande wa kushoto, akatabasamu upande wa kulia. Ndipo sauti ya mwenyekiti wa ndiva ikatoka ukingoni.

"Samahani, mheshimiwa. Wewe umeitwa na pembe?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kwa moyo tu."

"Basi panda na moyo wako. Hilo tope lina mwenyewe."

Aliliweka pande lile chini taratibu, mahali palepale alipolikata, akapanda. Lakini picha ilikuwa imeshapigwa. Jioni hiyo ilizunguka kwenye makundi yote ya simu ya wilaya: mgombea ashiriki msaragambo bega kwa bega na wananchi. Mwananchi ni mimi. Naonekana mgongo.

Nililimaliza tope Jumatatu, jua likizama. Mwenyekiti wa ndiva aliteremka mwenyewe, akapita kila kona akichoma kwa fimbo kutafuta nilipoficha, akakosa. Akafungua kizibo cha juu ili kijito kianze kujaza. Kisha akatoa kalamu.

"Nyumba ya mama yako imerudi kwenye zamu. Zamu yenu ni keshokutwa, asubuhi hadi jioni."

"Keshokutwa ni Jumatano," nikasema. "Ni siku ya kura."

"Ratiba ya maji haikutengenezwa na tume ya uchaguzi."

"Siwezi kubadilishana na nyumba nyingine?"

"Unaweza. Inayofuata baada ya hapo ni wiki ijayo." Akatazama jiwe, na majani juu yake.

Matokeo nitayasema hapa, kwa sababu hayakai vizuri mwishoni: nilishindwa. Kijijini kwetu nilipata kura nyingi kuliko mara zote nilizogombea, na watu walioniuliza maswali pale ukingoni walikuja baadaye kunieleza, kwa kirefu na kwa kubishana, kwa nini hawakunipa. Jimboni kwingineko, nilikuwa miongoni mwa wagombea wengine.

Asubuhi ya Jumatano mama alivaa gauni lake la kanisani, akatangulia kituoni. Wazee hupishwa kwenye foleni. Alirudi mapema, akiwa na wino kidoleni.

"Umemchagua nani?" nikamuuliza. Tayari nilikuwa mferejini, suruali nimeikunja, nimefungua mlango wa tuta la juu.

"Kura ni siri," akasema. "Hapo kushoto maji yanatoroka, ziba."

Nikaziba. Akaniambia anakwenda kulala kidogo, nisitoke. Ardhi ilikuwa kavu kupita kiasi. Maji yaliingia kwenye tuta na kupotea, kana kwamba mlima hauna chini. Nilisubiri hadi uso wa udongo ulipoanza kung'aa ndipo nikateremsha maji tuta la pili. Kutoka pale niliona shule iliyokuwa kituo cha kura, na foleni ikipungua. Kitabu cha mwongozo cha chama chetu kilisema mgombea ahakikishe kura zinalindwa. Mawakala wetu jimbo zima walikuwa wachache kuliko maneno ya jina la chama, na hapo kijijini wakala alikuwa kaka yangu.

Kufikia alasiri nilikuwa nimebakiza matuta ya chini kabisa, yale yenye tangawizi iliyoumia zaidi. Kaka akatokea, akitweta.

"Mdogo wangu, wanakaribia kufunga kituo. Hujajipigia kura. Msimamizi ameniuliza mara mbili kama mgombea ameugua."

Niliweka jembe chini nikanawa mikono. Ni mwendo mfupi tu, kushuka na kupanda. Nilikuwa nimeshavuka mfereji nilipomwona jirani yetu wa shamba la chini. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama kikubwa, mtu mwema, alishapiga kura tangu asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, karibu kabisa na mlango wetu wa maji, anapumzika. Kando yake kulikuwa na jembe.

"Nenda, mheshimiwa," akasema kwa upole. "Kura ni haki yako ya kikatiba."

"Na maji?"

"Maji nitakuangalizia."

Milimani kwetu sentensi hiyo haihitaji tafsiri. Nilitazama shule. Nilitazama jembe lake. Lilikuwa na udongo mbichi wa mfereji.

"Wewe pumzika tu, mzee wangu," nikasema. "Nitayaangalia mwenyewe."

"Usije ukasema sisi tulikuzuia kupiga kura."

"Sitasema."

"Maana nyie wapinzani mnapenda kesi."

"Hata nyie."

Akacheka, nami nikacheka. Hakuondoka. Nikarudi nikavuka mfereji, nikasimama kwenye mlango wa maji, yeye amekaa, mimi nimesimama. Kaka alitutazama sote wawili, akatikisa kichwa, akateremka kwenda kulinda kura ambazo mojawapo haikuwepo. Baada ya muda nikaona milango ya darasa ikifungwa, na askari akikaa kwenye kiti nje.

Jirani akainuka, akajipangusa nyasi, akachukua jembe lake. "Haya, usiku mwema," akasema, akaenda kwake.

Mama aliteremka jua likiwa limeshalala upande wa pili wa mlima. Alipita nyuma yangu bila salamu, akashuka tuta la mwisho, akainama, akatia vidole kwenye udongo chini ya tangawizi hadi fundo la pili. Akavitoa, akavitazama: wino na tope.

"Hapa bado," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.